Kama uvutano ni mpindo, umeme je?

Kila mwaka kidato cha sita kikifika kwenye uvutano, yupo atakayeuliza. Maneno hubadilika, swali ni lile lile: mwalimu, umesema kwa Einstein uvutano si kitu kinachokamata na kuvuta, ni nafasi na wakati vimepinda, basi umeme nao mbona usiwe hivyo hivyo? Mwaka huu aliyeuliza akaongeza la kwake: "Au huo una mama mwingine?" Darasa zima likacheka. Nilimwahidi jibu la maandishi, maana kipindi hakitoshi na mtaala hauna mahali pa kuliweka swali la namna hii. Ndilo hili.

Orodha ya kani zenyewe ni fupi. Kuna uvutano. Kuna sumakuumeme, inayoshika atomu, mwanga, na karibu kila unachokigusa. Kuna kani kali, inayofunga protoni na neutroni ndani ya kiini cha atomu na isiyofika mbali kuliko hapo. Na kuna kani dhaifu, inayoruhusu neutroni kugeuka protoni na protoni kugeuka neutroni, kazi ambayo bila hiyo jua lisingewaka. Zote nyingine ulizosoma, msuguano, mkazo wa kamba, msukumo wa maji, ni sumakuumeme imevaa nguo tofauti, au uvutano. Swali ni kama hizi nne zina asili moja, na kama asili hiyo ni jiometri.

Tuanzie baharini, kwa sababu sisi wa Tanga mpindo wa Einstein tunauona kila siku bila kiingilio. Nenda Sahare siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mpevu. Saa kumi alfajiri maji yamejaa hadi juu. Ikifika saa nne asubuhi ngalawa zimelala ubavu kwenye mchanga, na kina mama wameshafika mbali kwenye miamba wakichokoa pweza kwa vijiti. Maji yameshuka zaidi ya mita tatu. Rudi baada ya wiki, wakati wa maji mafu, utakuta bahari inasitasita tu, haijai vizuri wala haipwi vizuri.

Tunafundisha kwamba mwezi huvuta maji. Ni kweli, ila ni nusu ya kweli. Jua huivuta dunia kwa kani inayozidi ya mwezi takriban mara 180, na bado mwezi ndio mwenye maji: mchango wake kwenye kujaa na kupwa ni zaidi ya mara mbili ya ule wa jua. Inakuwaje? Ni kwa sababu kinachoinua maji si mvuto wenyewe. Ni tofauti ya mvuto kati ya upande wa dunia ulio karibu na upande ulio mbali, na mwezi, kwa kuwa uko karibu, unaitengeneza tofauti hiyo kubwa zaidi. Mvuto wa jumla hatuuhisi hata kidogo. Dunia, bahari, ngalawa na waliomo tunaanguka pamoja, na wanaoanguka pamoja hawana cha kuhisi.

Hilo ndilo wazo lililomjia Einstein mwaka 1907 akiwa bado mtumishi wa ofisi ya hataza mjini Bern: anayeanguka hauhisi uzito wake. Nazi ikikatika mnazini pamoja na jiwe, zinakwenda sambamba. Mwaka 1971 David Scott wa Apollo 15 alidondosha nyundo na unyoya mwezini, pasipo hewa, vikagusa vumbi pamoja. Uvutano haubagui. Na kama njia ya kuanguka ni moja kwa kila kitu, basi njia hiyo ni mali ya mahali, si ya kitu. Hapo ndipo jiometri inapoingia: badala ya kusema kitu kimevutwa, sema kimefuata njia iliyonyooka kuliko zote katika nafasi na wakati vilivyopinda. Ukishaufuta mvuto kwa kuanguka pamoja nao, kuna kinachobaki kisichofutika, nacho ni ile tofauti ya huku na huko. Katika milinganyo aliyoikamilisha Novemba 1915, kile kinachobaki ndicho mpindo wenyewe. Ndiyo maana nasema mama wa pweza wa Sahare anafanya kazi kwa ratiba ya mpindo, na wala sisemi kwa kupamba.

Ushahidi uliompa jina ulikuja tarehe 29 Mei 1919, jua lilipopatwa. Mwanaastronomia Mwingereza Arthur Eddington alikuwa kisiwa cha Principe, upande wa magharibi wa Afrika, wenzake wakiwa Sobral, Brazili, wakapiga picha za nyota zilizo karibu na jua lililofunikwa na kupima zimehama kiasi gani. Kivuli kile hakikuishia Principe. Kiliendelea kulikata bara letu kuelekea Ziwa Tanganyika. Katika historia za fizikia sehemu hiyo ya safari yake haitajwi.

Sasa umeme. Shida yake inaonekana mara moja. Weka elektroni na protoni kati ya bamba mbili zenye chaji: moja inakwenda huku, nyingine inakwenda kule. Neutroni inapita kana kwamba hakuna kitu. Njia moja haiwezi kuwa imepinda kulia kwa huyu, kushoto kwa yule, na kunyooka kwa wa tatu. Umeme unabagua, na kile kilichofanya uvutano uwe jiometri, yaani kutobagua, umeme hauna. Mwanafunzi akifika hapa akasema "basi yameisha", ana haki. Kwa bahati kulikuwa na mtu asiyekubali.

Theodor Kaluza alikuwa mhadhiri asiye na cheo kikubwa huko Königsberg. Mwaka 1919 alimwandikia Einstein akipendekeza jambo la ajabu: ongeza mwelekeo wa tano. Mbali na urefu, upana, kimo na wakati, uwepo mwingine tusiouona. Andika milinganyo ile ile ya 1915 katika mielekeo mitano, bila kuongeza umeme popote. Ukiifungua, inagawanyika yenyewe: sehemu moja ni uvutano wa Einstein, sehemu nyingine ni milinganyo ya Maxwell ya sumakuumeme, ile ya mwaka 1865, imekaa pale bila kuitwa. Kila nikiifanya hesabu hiyo kwa mkono nasisimka, na sidhani kama nitaizoea.

Na ule ubaguzi je? Katika picha ya Kaluza, chaji ni mwendo katika ule mwelekeo wa tano. Elektroni inakwenda upande mmoja wake, protoni upande wa pili, neutroni haisogei humo. Zote zinafuata njia iliyonyooka. Sisi tunaona kivuli chake tu katika mielekeo minne, ndiyo maana zinaonekana zimeachana. Mwaka 1926 Oskar Klein akaongeza kwamba mwelekeo huo umejikunja kuwa duara dogo mno, dogo kuliko kiini cha atomu kwa mara zaidi ya bilioni ya bilioni, na kwa kuwa mawimbi kwenye duara lazima yajifunge sawasawa, chaji nayo lazima ije kwa vipande vinavyolingana. Kweli huja hivyo. Hakuna nusu ya elektroni.

Ingekuwa mambo yamekwisha hapo, makala hii ingekuwa fupi. Lakini Kaluza na Klein walitozwa bei mbili. Kwanza, pamoja na uvutano na umeme inatokea kani ya tatu, inayotokana na duara lenyewe kupanuka na kusinyaa, ambayo hakuna aliyewahi kuiona. Pili, chembe yenye mwendo katika duara dogo kiasi hicho lazima iwe nzito kupita kiasi: elektroni ya Klein ilizidi uzito wa elektroni halisi mara zaidi ya bilioni ya bilioni. Huwezi kumwambia fundi wa redio kwamba nadharia ni nzuri, tatizo ni elektroni tu.

Njia ya pili ilianzia mahali pengine, na hii ndiyo iliyoshinda. Mwaka 1918 Hermann Weyl alijiuliza: katika jiometri ya Einstein, ukibeba mshale kwa uangalifu bila kuugeuza na kuzunguka nao, unaweza kurudi umegeuka. Mfano wake unaufanya kwenye tufe la darasani. Anzia ikweta, pwani ya Somalia, mshale ukielekea kaskazini. Panda hadi ncha ya kaskazini, ushuke kwa longitudo iliyo digrii 90 magharibi, utokee karibu na mlango wa mto Amazon, kisha urudi kwa ikweta. Hukuugeuza hata mara moja, lakini sasa unaelekea magharibi. Digrii 90 hizo zimetoka kwenye mpindo wa tufe. Weyl akasema: kama mwelekeo unaweza kubadilika njiani, kwa nini urefu nao usibadilike? Na akaona kwamba mpindo wa urefu huo unafanana na umeme. Einstein akamjibu kwa hoja moja nzito. Kama urefu na mwendo wa saa vinategemea njia iliyopitwa, atomu mbili za hidrojeni zilizopita njia tofauti zingetoa rangi tofauti. Hidrojeni haifanyi hivyo. Iwe ya maabara au ya nyota, rangi zake ni zile zile.

Weyl alirudi mwaka 1929, na safari hii alikuwa na wimbi la elektroni mkononi. Kinachobadilika njiani si urefu, ni fezi ya wimbi, yaani mahali wimbi lilipofika katika kupanda na kushuka kwake. Hapa nahitaji mfano, nao uko nyumbani. Chukua desturi ya zamani ya pwani ya kuhesabu saa kuanzia jua linapozama, na useme kila mji unafuata machweo yake. Tanga na Kigoma ziko karibu latitudo moja, lakini jua huzama Kigoma kama dakika 38 baadaye. Hakuna mji uliokosea. Kila mmoja una haki ya kuchagua sifuri yake, na urefu wa saa haubadiliki kwa hilo. Ila wakitaka kuagana muda, wanahitaji jedwali la tofauti kati ya mji na mji wa jirani. Jedwali hilo si la Tanga wala la Kigoma. Ni la njia iliyo kati yao. Na mji ukiamua kubadilisha sifuri yake, jedwali hubadilika kuufidia.

Elektroni nayo iko hivyo. Wimbi lake lina fezi, na kila mahali ulimwenguni unaweza kujichagulia sifuri ya fezi bila kuharibu fizikia. Lakini ukitoa uhuru huo, lazima uweke jedwali. Jedwali hilo, likiandikwa kihesabu, ndilo sumakuumeme. Uzunguke kitanzi ukijumlisha tofauti zote: kama jumla ni sifuri, hakuna kitu; kama kuna kinachobaki, hicho ndicho uga wa sumaku uliopita katikati ya kitanzi. Kinachobaki baada ya kuzunguka ni mpindo, kama zile digrii 90 za tufe. Kwa saa za miji yetu jumla ni sifuri, zunguka nchini utakavyo. Isipokuwa uizunguke dunia nzima: mabaharia waliobaki wa msafara wa Magellan walipofika Cape Verde mwaka 1522 hesabu yao ilisema Jumatano, wenyeji wakawaambia ni Alhamisi. Hakuna kituo hata kimoja njiani walipokosea. Mwaka 1959 Yakir Aharonov na David Bohm walionyesha kwamba elektroni inaweza kufanyiwa jambo la aina hiyo: izungushwe sumaku iliyofungiwa kabisa, isiiguse popote, na bado irudi na fezi iliyohama. Akira Tonomura na wenzake walilithibitisha Japani mwaka 1986 kwa sumaku ndogo yenye umbo la pete, iliyofunikwa ili pasivuje kitu. Ukiniuliza ni jaribio gani linalonifanya niamini kwamba umeme ni jiometri, si kwa mafumbo bali kwa dhati, ni hilo.

Kutoka hapo mambo yakaenda haraka. Mwaka 1954 Chen Ning Yang na Robert Mills waliuliza: vipi kama kinachochaguliwa kila mahali si sifuri ya fezi moja tu, bali mwelekeo katika nafasi ya ndani iliyo kubwa zaidi? Jedwali linakuwa gumu, maana sasa mpangilio wa kuzunguka una maana: kuzungusha huku kwanza halafu kule si sawa na kule halafu huku. Milinganyo waliyoipata ilionekana haina matumizi kwa miaka. Leo kani kali na kani dhaifu zote mbili zimeandikwa kwa milinganyo hiyo. Na wanahisabati, bila kuwasiliana na yeyote, walikuwa wameshajenga jiometri ile ile kwa majina mengine. Mwaka 1975 Wu Tai Tsun na Yang wakachapisha jedwali la kulinganisha istilahi za pande mbili.

Kwa hiyo kani zote nne ni jedwali la njia na mpindo wake. Zinazungumza sarufi moja. Hilo halina ubishi tena, na nashangaa linavyochelewa kuwafikia wanafunzi wetu. Lakini makundi ya WhatsApp yanasambaza video za dakika tatu zinazoruka kutoka hapo hadi "wanasayansi wamegundua kani zote ni kitu kimoja". Huo ni mruko mrefu. Mimi na jirani yangu tunazungumza Kiswahili kile kile. Hatujazaliwa nyumba moja.

Angalia panapoachana. Uvutano unapinda nafasi tunamoishi, ile yenye umbali na muda wa kupimwa kwa rula na saa. Kani tatu nyingine zinapinda nafasi za ndani zilizoning'inia juu ya kila nukta, ambazo huwezi kuzipima kwa rula. Hata kanuni ya mwendo si moja: katika ile ya uvutano mpindo unaingia mara moja, katika zile tatu unazidishwa kwa nafsi yake. Mtu anaweza kuona hilo ni jambo dogo la kihesabu. Sivyo. Ndilo linalofanya zile tatu zikubali kanuni za kwanta, zile zinazotawala chembe ndogo, na uvutano ugome, na limewashinda wataalamu hadi leo.

Pale ndoa ilipofungwa kweli, ilikuwa kati ya umeme na kani dhaifu. Sheldon Glashow, Steven Weinberg na Abdus Salam walipewa Nobeli ya mwaka 1979 kwa kazi hiyo, na chembe za W na Z walizozitabiri, zinazobeba kani dhaifu, zikaonekana kwenye maabara ya CERN, Uswisi, mwaka 1983. Salam ninamtaja kwa sababu ya pili pia. Alitoka Jhang, mji wa mashambani Punjabi, akaanzisha kituo cha fizikia ya nadharia mjini Trieste mwaka 1964 ili watu wa nchi kama yetu wasilazimike kuchagua kati ya fizikia na kwao. Hata hivyo ndoa yenyewe haikukamilika. Ndani yake bado kuna namba mbili tofauti za nguvu, na uwiano wake hautokani na jiometri yoyote. Tunaupima maabara na kuuandika.

Na kani dhaifu ina tabia inayowaudhi wapenzi wa jiometri safi. Mwaka 1957 Chien-Shiung Wu alionyesha kwa kobalti-60 kwamba kani hiyo inatofautisha kushoto na kulia. Inashughulika na chembe zinazojizungusha kwa mkono wa kushoto na kuziacha za kulia. Mwaka 1981 Edward Witten alihesabu kwamba ukitaka kuzipata kani zote tatu kwa njia ya Kaluza unahitaji angalau mielekeo saba ya ziada, jumla 11. Namba hiyo ilivutia wengi. Lakini nafasi laini ya aina hiyo haiwezi kuzaa tofauti ya kushoto na kulia. Nadharia ya nyuzi, inayosema chembe zote ni nyuzi ndogo mno zinazotetemeka, ilipita kando ya kizuizi hicho kwa mielekeo kumi na maumbo magumu zaidi, ila maumbo yenyewe ni mengi mno, na hakuna aliyetuambia ni lipi letu.

Kwa maoni yangu, basi, asili moja ya kijiometri ni dhana nzuri isiyo na ushahidi wa moja kwa moja, na mwalimu anayeifundisha kama jambo lililokwisha anawaonea watoto. Ila siko tayari kuitupa, na sababu yangu si uzuri wa Kaluza. Ni protoni.

Protoni na elektroni hazifanani kwa lolote. Moja ni nzito mara 1,836 kuliko nyingine. Moja imejengwa kwa chembe tatu ndogo zaidi ziitwazo kwaki na inatii kani kali, nyingine ni chembe moja isiyoijua kani hiyo. Lakini chaji zake zinalingana na kufutana kwa usahihi uliopimwa hadi sehemu moja kati ya 1 yenye sifuri 21. Hakuna kitu katika umeme wa Maxwell kinacholazimisha hilo. Mwaka 1974 Howard Georgi na Glashow walizikusanya kani tatu katika nafasi moja ya ndani, iitwayo SU(5), ambamo kwaki na elektroni ni pande za kitu kimoja, na usawa huo ukatoka wenyewe. Kwaki zina chaji za theluthi kwa sababu zinakuja kwa rangi tatu (rangi hapa ni jina tu la chaji ya kani kali). Lakini ukiziweka nyumba moja unalazimika kuruhusu kwaki igeuke elektroni au ndugu zake, yaani protoni ioze. Japani wamechimba kwenye mgodi wa Kamioka, mita 1,000 chini ya mlima, wakaweka tangi la tani 50,000 za maji na kuliangalia tangu 1996. Hakuna protoni iliyooza. Umri wake ni zaidi ya miaka 1 yenye sifuri 34, na SU(5) ya kwanza ilishakufa kabla ya hapo.

Nadharia nyingine za ukoo wa SU(5) bado zina pumzi, na baadhi zinataja umri ulio mrefu kidogo tu kuliko kikomo hicho. Ndiyo sababu wanajenga tangi jingine karibu na lile, la takriban tani 260,000. Wanachotafuta humo kinaeleweka: protoni ikioza, positroni, yaani elektroni yenye chaji chanya, inatoka upande mmoja, chembe iitwayo paioni upande wa pili, na paioni inapasuka papo hapo kuwa mianga miwili inayochora pete kwenye ukuta wa vigunduzi. Hata wakiiona, zitakuwa kani tatu tu zimepatana. Uvutano bado utakuwa nje, na hesabu ya Kaluza bado itakuwa na elektroni nzito.